Nani Ampime Mkalimani?

Mfasiri na mkalimani ni ndugu wa tumbo moja, lakini mmoja huacha ukurasa na wa pili haachi kitu. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliitoa tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitoa upya, baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuna aliyemdai cheti cha ufasiri. Kila mwenye lugha mbili aliweza kuviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu, akapima neno kwa neno, akasema: hapa amefika, hapa amepungukiwa. Ukurasa ulikuwa ndio mtahini, na mtahini huyo hachoki wala hafi.

Mkalimani hana bahati hiyo, na khasa mkalimani wa lugha ya alama. Akishusha mikono, kazi yake imekwisha kupotea. Kiziwi hakuisikia sauti iliyotoka kwa niaba yake. Hakimu hakuifahamu mikono iliyosema mbele yake. Baina ya wawili hao amesimama mtu mmoja ambaye peke yake ndiye shahidi wa uaminifu wake. Hapo ndipo linapozuka suali: je, mtu wa namna hiyo apimwe na dola kabla ya kuruhusiwa kusimama? Na akipimwa, nani mwenye haki ya kumpima?

Suali hili si la anasa. Tuchukulie mjane kiziwi wa Bunda anayedai sehemu ya shamba aliloliacha mumewe. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara. Mlango uko wazi. Lakini nani atazisoma ishara hizo? Mjane huyu hakupata shule. Alama zake alizitunga nyumbani, na katika jamaa za marehemu aliyezizoea ni shemeji yake. Shemeji ndiye anayeitwa kukalimani. Shemeji huyo huyo ndiye anayelima mpakani mwa shamba linalogombaniwa.

Wasiojua hudhani kwamba alama ni maigizo tu, na kwamba kila mwenye macho na moyo mwema ataziona maana zake. Tangu mwaka 1960, William Stokoe wa chuo cha Gallaudet, Marekani, alionyesha kwamba alama zina viungo vyenye mpango kama zilivyo sauti za maneno: umbo la kiganja, mahali pake mwilini, na mwendo wake. Katika lugha nyingi za alama, mkono unaosema “kupa” huanzia kwa mtoaji ukaishia kwa mpokeaji. Ukigeuzwa mwendo, mtoaji huwa mpokeaji. Nyusi zikinyanyuliwa, taarifa hugeuka suali. Wapenzi wa ushairi wanajua jinsi silabi moja iliyozidi inavyouvunja mshororo. Mahakamani kinachovunjika ni haki ya mtu, kwa sababu “nilimpa shamba” na “alinipa shamba?” zaweza kutenganishwa na mwendo wa mkono na unyanyuko wa nyusi.

Hata hivyo, wako wanaouonea shaka mtihani wa serikali, na hoja zao si za kudharauliwa. Wanasema kwamba Mara ni mkoa wa lugha nyingi: Kizanaki, Kikurya, Kijita, Kiikizu, Kijaluo na nyenginezo, na viziwi wake nao hawakunywa kisima kimoja. Waliobahatika kwenda shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanza mwaka 1963, au ya Buguruni, iliyoanza mwaka 1974, walipata lugha ya pamoja na wenzao. Waliobaki vijijini walibaki na alama za nyumbani. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa kazi ya Henry Muzale, ni hazina kubwa. Lakini kamusi haiwezi kubeba alama zilizozaliwa katika ua mmoja wa Butiama. Mkalimani aliyefaulu mtihani wa mjini aweza kufika huko akawa mgeni asiyeelewa wala kueleweka, ilhali dada mtu, asiye na cheti, anafahamu kila kitu. Je, dada afukuzwe kwa ajili ya karatasi?

Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili: kufahamu na kuaminika. Damu ni nzito kuliko maji, na uzito huo huo ndio unaolemea ulimi. Shemeji aweza kudanganya kwa tamaa; kikulacho ki nguoni mwako. Lakini mama naye aweza kupotosha kwa mapenzi. Binti kiziwi apelekwapo hospitali ya Musoma akaulizwa juu ya mimba, mama atakayejibu kabla mikono ya binti haijanyanyuka hakukusudia uovu, amekusudia sitara. Matokeo ni yale yale: binti yupo, na neno lake halipo. Mwenye kusikia aweza kumwambia daktari siri akiwa peke yake. Kiziwi hana faragha ila ile anayopewa na mkalimani asiye na hisa katika jambo lake. Kwa hivyo mtihani unaotafutwa si wa ufundi wa mikono peke yake. Unamtafuta mtu aliyefunzwa kutunza siri, kutoongeza wala kupunguza, na kusema wazi, “Sikufahamu,” pale anapokuwa hakufahamu.

Linabaki suali la mtahini. Tarehe 10 Disemba 2013, mjini Johannesburg, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela, mkalimani alisimama kando ya wakuu wa dunia akaipunga mikono yake kwa muda mrefu. Maelfu ya wenye kusikia waliridhika kwamba viziwi wamekumbukwa. Viziwi waliokuwa wakitazama ndio waliosema, siku ile ile, kwamba mikono ile haikusema kitu. Dola nzima ilikuwa na macho, na haikuona. Bodi ya mtihani iliyojaa wenye kusikia watupu inaweza kuona vivyo hivyo: mikono myepesi, uso mchangamfu, na alama za juu za kufaulu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi viziwi wawe mezani pa watahini, wala si kama mashahidi wa heshima bali kama wenye kauli. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaka dola iendeleze lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaifanya kuwa moja ya lugha za Bunge. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaowataja wakalimani weledi wa lugha ya alama, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho kilicho na wenye lugha yenyewe. Huko Texas, Marekani, ambako bodi ya kuwapima wakalimani ilianza mwaka 1980, imejulikana pia kwamba kiziwi mwenyewe aweza kuwa mkalimani: huzisoma alama za kijijini za kiziwi mwenzake, akazitia katika lugha ya alama ya wote, na mkalimani mwenye kusikia akazitamka. Hilo ndilo jawabu la Butiama. Dada hafukuzwi, anakaa karibu kama msaidizi wa kufahamiana, na mzigo wa amana wanaubeba wengine.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hoja kwamba mtu anastahili kuifahamu hukumu inayomgusa. Hoja hiyo haina mpaka wa masikio. Lakini hata mkalimani aliyepimwa na viziwi, akaapa, bado ataondoka mahakamani bila ya kuacha ukurasa, na cheti cha mwaka juzi hakishuhudii alichokisema leo. Dawa yake si ngumu: mikono ya shahidi na ya mkalimani ipigwe picha za video pamoja na sauti inayoifasiri, na picha hizo zihifadhiwe kama yanavyohifadhiwa maandishi ya kesi. Mjane wa Bunda akikata rufaa, kiziwi mwengine aliyesoma ataweza kuzitazama na kusema: hapa amefika, hapa amepungukiwa. Mfasiri wa Butiama alipata miaka sita ya kujisahihisha. Mjane ana siku za rufaa tu.