Kiti Kitupu Arifjan

Mwaka 2004 askari wa Marekani waliokuwa Iraki walikunywa maji ya chupa. Kiangazi cha kule joto hupita nyuzi 45, na malori yalipanda kutoka Kuwaiti kuelekea kaskazini yakiwa yamebeba katoni juu ya katoni. Kila katoni ilinunuliwa na mtu. Vita vile vikisimuliwa, watu hutaja vifaru na mabomu. Mimi nataka kumsimulia aliyekuwa akisaini oda za maji.

Alikuwa meja, afisa mikataba katika Kambi ya Arifjan, kusini mwa Jiji la Kuwaiti. Jina lake limo katika kumbukumbu za mahakama, lakini hapa nitamwita meja tu, maana habari ninayoifuata haikomei kwake. Alifika katikati ya 2004, akaondoka mwishoni mwa 2005. Kampuni zilizotaka kuliuzia jeshi maji na huduma nyingine zilipita mezani kwake. Ikishaingizwa kwenye makubaliano ya jumla, kampuni haikushindana tena kwa kila oda. Afisa aliiita alipohitaji, leo shehena hii, wiki ijayo nyingine. Utaratibu wenyewe si mbaya. Hata Tanzania, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini hufunga makubaliano ya namna hiyo kwa niaba ya taasisi za umma, ili ofisi isitangaze zabuni kila inapoishiwa karatasi. Lakini aliyekabidhiwa kalamu hiyo amekabidhiwa mengi: nani aingie kwenye orodha, nani aitwe, aitwe mara ngapi.

Meja aliuza mamlaka hayo. Wazabuni walimlipa, ndugu zake wa karibu wakampokelea, fedha zikawekwa katika benki za Mashariki ya Kati. Alikamatwa Texas Julai 2007, akakiri makosa mapema 2008, na Desemba 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu. Hongo aliyopokea ilifikia dola milioni 9.6.

Tunapenda habari za aina hii ziishie hapo, mwizi akiwa jela na sisi tukiwa na amani. Mimi sina amani nayo. Mwaka mzima na miezi kadhaa mtu huyu alikuwa akigawa oda, tena ndani ya jeshi, mahali ambapo hata kofia ina kanuni yake. Aliyeketi pembeni yake alikuwa nani?

Ununuzi wa serikali umejengwa kwa macho mengi. Mwenye shida hueleza anachohitaji, na mwingine huandaa zabuni. Wengine hutathmini, mwingine huidhinisha. Mzigo ukifika kuna wa kuupokea na kuuhesabu, na wa kulipa hafungui mkoba kabla hajaona karatasi za wote waliotangulia. Macho hayo yote yakiwa yanaona, mtu mmoja hawezi kuiba peke yake. Itabidi ahonge ofisi nzima, na siri ya ofisi nzima haikai. Lakini jicho lisilojua linachokitazama ni sawa na lililofumba. Sahihi ya mtu asiyeelewa alichosaini ni wino tu.

Tuyachukue maji hayohayo. Afisa aliyefundwa akiletewa ombi la maji huanza kwa kuuliza yanywewe na watu wangapi, kila mmoja kiasi gani kwa siku, kwa siku ngapi. Anataka kujua katoni ina chupa ngapi na lori linabeba katoni ngapi, kisha anazidisha ili aone kama idadi iliyoombwa inalingana na vinywa vilivyopo. Atatafuta bei ya jumla sokoni, aongeze usafiri na hatari ya njiani, ndipo atazame bei ya mzabuni. Atauliza maji yatahifadhiwa wapi, kwa sababu chupa ya plastiki iliyokaa juani majuma kadhaa si chupa ileile iliyotoka kiwandani. Akiona kampuni tatu zimeleta bei tatu zinazofuatana kwa hatua zilezile, moyo utamdunda. Na mzigo ukiingia, atakwenda ghalani mwenyewe kuhesabu, hataridhika na hati ya kupokelea.

Maswali hayo hayahitaji akili ya pekee. Yanahitaji miaka. Yanahitaji mtu aliyewahi kukosea jambo dogo mbele ya mkubwa wake akaelekezwa, akawahi kuona zabuni iliyopikwa, akawahi kumkatalia mzabuni anayetabasamu. Anayejua hayo huwezi kumwagiza kama katoni ya maji.

Wamarekani walilijua hilo mapema, na hapa ndipo habari inaponiuma. Mwaka 1990 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaendeleza wanunuzi wa Wizara ya Ulinzi: elimu inayotakiwa, mafunzo ya kila ngazi, uzoefu wa lazima kabla ya kupanda cheo. Mwaka 1992 kikafunguliwa chuo kikuu cha kuwafundisha, ambacho makao yake yako Fort Belvoir, Virginia. Sheria ilikuwa nzuri, na chuo kikapatikana. Lakini Vita Baridi vilikuwa vimekwisha na kila mtu alitaka serikali ndogo. Penye kupunguza watu, wa kwanza kuonekana ni wasiobeba bunduki, wala wasioonekana wakifanya kitu zaidi ya kupanga mafaili. Mwaka 1996 Bunge hilohilo liliagiza idadi yao ikatwe kwa robo ndani ya miaka michache.

Mkaguzi wa ndani wa Wizara hiyo alitoa hesabu yake Februari 2000. Septemba 1990 watumishi wa ununuzi na shughuli zinazoambatana nao walikuwa 460,516. Septemba 1999 walibaki 230,556. Nusu yao walikuwa wameondoka, ilhali thamani ya manunuzi ilishuka kwa asilimia 3 hivi tu, na idadi ya manunuzi yenyewe ikaongezeka kwa asilimia 12. Onyo hilo lilikuwa mezani miaka minne kabla meja hajafika Kuwaiti.

Kisha ikaja Septemba 2001, Afghanistan, Iraki. Fedha zilimiminika. Jeshi lililokuwa likijipikia na kujifulia sasa lilinunua chakula, dobi, ulinzi wa malango, hata madereva. Ndiyo maana maelfu ya vijana wa Uganda walijikuta wakilinda kambi za Marekani huko Iraki. Kila mmoja wao alikuwa pale kwa sababu ya mkataba ambao mtu fulani aliuandika, na mtu fulani alipaswa kuusimamia.

Mwaka 2007, kesi zilipoanza kufumka, Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, Pete Geren, aliunda tume chini ya Jacques Gansler, aliyewahi kuongoza ununuzi wa Wizara nzima ya Ulinzi. Ripoti ilitoka baada ya majuma machache, mwishoni mwa Oktoba. Nawasihi wanaofundisha ununuzi wawape wanafunzi wao waisome, kwa sababu haikupoteza muda kumlaani meja. Ilihesabu viti. Kazi ya mikataba katika jeshi hilo ilikuwa imeongezeka mara saba, na watu hawakuongezwa. Kati ya waliokuwepo, raia na maofisa, ni zaidi kidogo tu ya nusu waliokuwa na cheti kinachotakiwa kwa nafasi waliyoishika. Mwaka 1990 fani ya mikataba ilikuwa na nafasi tano za majenerali. Sasa haikuwa na hata moja. Kijana mwenye akili anaangalia juu kabla ya kuchagua njia, na akiona ngazi inaishia katikati ya ukuta, atapanda nyingine.

Tume ilitaja pia umri wa kuanza. Katika jeshi la nchi kavu afisa aliingia kwenye mikataba akiwa ametumikia miaka saba au minane katika kazi nyingine kabisa, pengine mizinga, pengine vifaru. Jeshi la anga lilikuwa likiwachukua wangali wabichi, likawalea katika fani hiyohiyo, na ndilo lililoishia kutoa wanunuzi wengi wa kijeshi waliokuwa Iraki na Afghanistan. Kuna tofauti kati ya mtu aliyekulia katika kazi na mtu aliyehamishiwa, na wenye kuuza maji huitambua tofauti hiyo siku ya kwanza.

Jambo la mwisho ninalolichukua kutoka kwa Gansler ni la wapokeaji. Kila mkataba ulihitaji mtu wa kuangalia kama kilicholipiwa kimeletwa. Kazi hiyo walipewa askari kama nyongeza juu ya kazi zao, wengi bila uzoefu wowote wa mikataba, wakifundishwa juujuu wakiwa tayari uwanjani.

Niliposoma hapo nilifikiria shule zetu. Kwa miaka kadhaa sasa Tanzania imejenga madarasa na zahanati nyingi kwa fosi akaunti, ambapo kamati za walimu na wananchi hununua saruji, nondo na mabati na kumlipa fundi. Faida yake ipo, na madarasa yamesimama. Lakini mwalimu wa Jiografia aliyewekwa kwenye kamati ya mapokezi anaulizwa kama nondo ni za milimita 12 au 10, na kama mabati ni ya geji iliyoandikwa kwenye ankara. Si mwizi. Hana kipimo mkononi, wala hakuna aliyemwonyesha namna ya kukitumia. Tunamsainisha, na mkaguzi akija ni yeye anayetafutwa.

Mwaka huohuo wa ripoti ya Gansler, 2007, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Na. 23 iliyounda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Inasajili, inatahini, inaweza kumfuta mtu kwenye daftari la taaluma. Tangu 2023 zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Ninaiheshimu hatua hiyo, kwani mfumo hauchoki na hauombi chai. Hata hivyo mfumo unapokea kile ulicholishwa. Mahitaji yakiandikwa kwa kuifuata bidhaa ya kampuni moja, mfumo utayatangaza nchi nzima kwa uaminifu mkubwa, na ni binadamu aliyefundwa atakayesoma na kusema: hapa kuna mtu ameshonewa kanzu.

Kuna atakayenijibu kwamba mafunzo hayamzuii mwizi. Ni kweli, na mfano upo. Darleen Druyun alikuwa mmoja wa wanunuzi wazoefu kuliko wote katika Jeshi la Anga la Marekani, mwanamke aliyeogopwa na kampuni kwa ukali wake mezani. Mwaka 2004 alihukumiwa miezi tisa jela baada ya kuzungumzia ajira yake na Boeing wakati akisimamia biashara ya kampuni hiyo, na alikiri kwamba aliipendelea. Ujuzi aliukosa wapi? Hakuukosa popote. Lakini alikaa juu takribani miaka kumi, mabosi wake wa kisiasa wakija na kuondoka, maamuzi yakizidi kukusanyika mikononi mwake. Alikuwa na elimu yote na hakuwa na mwenzake wa kumpinga. Kwa hiyo simtaki bingwa mmoja. Nawataka wengi, wa ngazi mbalimbali, wanaojua vya kutosha kusomana.

Huko Marekani, walioisikia tume ya Gansler walifanya kitu. Tume iliomba nafasi mpya 1,400, askari 400 na raia 1,000, na ikaomba majenerali watano warudishwe. Kamandi ya mikataba ya jeshi la nchi kavu iliundwa 2008, na Bunge likaanzisha mfuko maalumu wa kuajiri na kuwafunza wanunuzi wa ulinzi. Wizara iliyosherehekea kupunguza watu ikaanza kuwatafuta tena, mmoja mmoja, na kuwafundisha kuanzia mwanzo, huku vita viwili vikiendelea na malori yakisubiri.

Nami narudi kwenye hesabu ndogo ambayo haimo kwenye ripoti yoyote. Chukua kijana wa miaka 23, amemaliza chuo 1996, anapenda takwimu na hapendi kudanganywa. Angeajiriwa mwaka ule, angepita mafunzo ya ngazi ya kwanza, akakosea mambo madogo mbele ya mkubwa mwenye subira, akapata cheti cha pili. Kufikia kiangazi cha 2004 angekuwa na miaka minane kazini. Angeweza kupangiwa Arifjan, meza ya pili kutoka mlangoni, na asubuhi moja akavuta faili la maji, akazidisha idadi ya askari kwa chupa za siku, akanyanyua kichwa na kumuuliza meja swali.

Mwaka 1996 ndio mwaka Bunge lilipoagiza watu wapunguzwe. Tangazo la nafasi yake halikutolewa.