Tuwajibu Wakatoliki kwa Wanayoyaamini Wao

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Sisi tuliokulia Ayivu hatukuujua Ukatoliki kwa kusoma vitabu. Kanisa kuu la Ediofe ni jirani yetu. Jimbo Katoliki la Arua liliundwa mwaka 1958, na kabla ya hapo wamisionari wa Comboni walikuwa wamefanya kazi Nile Magharibi kwa miaka mingi. Katika ukoo mmoja utamkuta mjomba ameshika rozari na shangazi ameshika tasbihi. Mlugbara Mkatoliki akimshukuru Muumba wake husema "Awadifo Mungu", na neno hilo Mungu ndilo hili hili la Kiswahili tunalolitumia sisi. Basi tunaposimama kwenye mhadhara na kushika kipaza sauti, maneno yetu hayaendi mbali. Yanamfikia mjomba, na yanamfikia mwenzako mnayelala chumba kimoja hosteli.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na katika mihadhara yetu nasikia madai matatu yakirudiwa. Naomba tuyapime.

La kwanza ni kwamba uungu wa Yesu ulibuniwa na mfalme Constantine kwenye mtaguso wa Nicaea mwaka 325. Historia haisemi hivyo. Yapata mwaka 112, liwali wa Kirumi aitwaye Pliny alimwandikia mfalme wake kwamba Wakristo hukusanyika kabla ya alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nicaea. Waliokutana Nicaea waligombana juu ya mafundisho ya Arius, kasisi wa Alexandria, aliyesema kuwa Mwana ameumbwa. Maaskofu wakaamua kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Na Constantine huyo huyo alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa kwake, na askofu aliyekuwa upande wa Arius. Wala tusimfanye Arius kuwa Mwislamu wa kabla ya Uislamu, kwani naye alifundisha kuwa ulimwengu uliumbwa kupitia kwa Mwana.

Je, hoja yetu imeanguka? Hasha. Itikadi kuwa ya kale hakuifanyi kuwa ya kweli. Masanamu ya Makka nayo yalikuwa ya kale. Hoja yetu ni tawhid, nayo imesimama katika Suratun Nisaa aya ya 171 bila kumhitaji Constantine.

Dai la pili ni kwamba Wakatoliki humhesabu Bibi Maryam katika Utatu wao. Utatu wanaoufundisha ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mtaguso wa Ephesus mwaka 431 ulithibitisha kumwita Maria Mama wa Mungu, na Kanisa lao hutofautisha ibada, ambayo wanasema ni ya Mungu peke yake, na heshima wanayowapa watakatifu. Ukimwambia Mkatoliki kwamba Maria ni mmoja wa watatu, atacheka, na kuanzia hapo hatakusikiliza tena.

Bora umuulize swali hili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dua ndiyo ibada yenyewe. Sasa mtu anapopiga magoti akamwomba aliyekwisha kuondoka duniani, hilo tuliite nini? Atakujibu kwamba anamwomba Maria amwombee kwa Mungu, kama anavyoweza kukuomba wewe umwombee. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza, kwa sababu mmefika penye tofauti yenyewe: ibada ni nini, na ni haki ya nani. Lakini jiandae, kwani naye atakuuliza kuhusu wale miongoni mwetu wanaokwenda kuomba kwenye makaburi ya mawalii.

Dai la tatu ni kwamba Misa ni mila ya Wazungu iliyoletwa na wakoloni. Justin, aliyezaliwa Palestina na kuuawa Roma, aliieleza ibada ya Jumapili katikati ya karne ya pili: husomwa maandiko, kiongozi hutoa mawaidha, watu husimama kuomba, huletwa mkate na divai, kisha hukusanywa sadaka kwa ajili ya mayatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Mpangilio huo ndio unaouona Ediofe leo. Kilichobadilika sana ni lugha, maana Kilatini kilitawala hadi mtaguso wa pili wa Vatican wa mwaka 1962 hadi 1965. Wao wanaamini kuwa mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu ya Yesu, na kwamba kifo chake ni sadaka iliyoondoa dhambi za watu. Sisi hatukubali, kwa kuwa Qur'an imetufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Hiyo ndiyo tofauti. Tuiseme wazi.

Ndugu zangu, Allah ametuamuru katika Suratul Ankabut aya ya 46 tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Katika Suratul Maida aya ya 8 ametuonya kuwa chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Uongo unaosemwa kwa ajili ya dini ya haki unabaki kuwa uongo, na anayeusema ataulizwa.

Tumtazame Ja'far bin Abi Talib (r.a.) mbele ya Najashi. Alikuwa mkimbizi katika nchi ya mfalme Mkristo, na neno moja baya lingeweza kuwarudisha wenzake mikononi mwa Maquraish. Alisoma kutoka Surat Maryam. Alipoulizwa juu ya Isa (a.s.), alisema kile alichofundishwa na Mtume wake, bila kuficha tofauti na bila kumzushia Najashi jambo lolote.

Sisi wa Ayivu tunajua ukimbizi. Mwezi Juni 1981 raia walikimbilia misheni ya Ombaci kutafuta usalama, na askari wakawaua humo. Wazee wa dini zote wanaikumbuka siku hiyo. Watu waliozika pamoja hawafai kusemeana uongo.

Basi kabla ya mhadhara ujao, kila mmoja wetu amwendee Mkatoliki mmoja, amuulize anaamini nini, na amsikilize mpaka amalize. Kisha tujibu hayo aliyoyasema.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Amin. Wabillahi tawfiq.