Cheki Namba Mwambao wa Nyasa

Ajira ya kudumu serikalini iliwekwa ili mtumishi asiyumbishwe na mkubwa wa siku hiyo. Chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya Tanzania ya mwaka 2002, aliyekwisha kuthibitishwa kazini hafukuzwi kwa kauli tu: hupewa hati ya mashtaka, hujitetea kwa maandishi, na asiporidhika hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kisha kwa Rais. Katika wilaya ya Mbinga, na ya Nyasa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, kinga hiyo ina maana yake. Diwani huchaguliwa kwa miaka 5. Afisa ugani wa kahawa hubaki, naye anaweza kulikataa ombi la diwani lisilo halali bila kuwaza watoto watakula nini.

Hilo lilikusudiwa. Halikukusudiwa lile la benki. Mwalimu wa Liuli mwenye cheki namba, yaani namba yake ya mtumishi kwenye malipo ya mishahara ya Serikali, hukopeshwa kwa mshahara wake, ilhali jirani yake mvuvi wa usipa, ambaye mwezi wa neema huenda anamzidi kipato, huulizwa dhamana. Sharti la kumwachia mtumishi theluthi ya mshahara ndilo linalomwokoa asikatwe mpaka akose nauli. Makato yenyewe huenda miaka mingi, na aliyekwisha kuichoka kazi hathubutu kuiacha.

Tokeo la tatu la kinga hiyo ndilo zito. Kwa kuwa kumfukuza mzembe ni safari ndefu yenye makaratasi, mkuu aliyechoshwa naye huona wepesi kumhamisha. Barua moja inatosha. Ndiyo maana uhamisho wa kwenda pembezoni husomeka kama adhabu, hata pale ikama tu ilipohitaji mtu, na mchapakazi anayepangiwa kijiji cha ziwani hufika huku akiulizwa amekosa nini. Wanakijiji, ambao hawakumkosea yeyote, ndio wanaopokea mzigo wa ofisi nyingine. Hakuna anayewauliza wao.

Kinga hii haikumlinda kila mtu. Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli, akaagiza waondolewe. Mwaka 2022 Serikali iliamua warejeshewe michango waliyokatwa ya hifadhi ya jamii. Kwa aliyekuwa amekopa kwa mshahara, mshahara ulikoma siku alipoondolewa, deni halikukoma.