Tegu Ndani ya Omena

Tumbo la omena mbichi likipasuliwa, mara nyingine hutoka utepe mweupe uliojikunja, umejaza nafasi iliyokuwa ya mayai. Huyo ni tegu aitwaye Ligula intestinalis, na omena wa Ziwa Victoria, anayefika soko la Adungosi akiwa amekwisha kukauka, ni mmoja wa samaki anaowaingia. Maisha yake yana vituo vitatu: kijidudu kinachoelea majini, samaki anayekimeza, kisha ndege mla samaki kama mnandi. Ndani ya samaki tegu hukaa miezi na kuzuia viungo vya uzazi visikomae. Ndani ya ndege hukomaa, hutaga na kufa kwa siku chache, na mayai hurudi ziwani pamoja na kinyesi. Anayeuliza viumbe vya namna hii ni vya nini, ikiwa Muumba ni mwema, hana haja ya kubuni mfano.

Majibu mengi ya zamani yalimchukua mnyoo kuwa ajali: ni uozo uliopata uhai, ni adhabu, au ni kiumbe kilichopotea njia. Nchini Ujerumani, katikati ya karne ya 19, wataalamu wakubwa walisema vifuko vya minyoo katika nyama ya wanyama ni tegu waliopotea, wakavimba maji. Daktari Friedrich Küchenmeister alikataa. Kwake, Muumba mwenye hekima hangeumba kiumbe kisichokuwa na pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 aliwalisha mbweha na mbwa vifuko vya minyoo ya sungura, wakaota tegu kamili. Imani yake ilimfikisha kwenye ukweli wa kisayansi, lakini ukweli huo ulilifanya swali kuwa gumu zaidi: mateso ya sungura hayakuwa bahati mbaya tena, yalikuwa sehemu ya ratiba.

Samaki wa upande wa Busia na Malaba wanaonyesha ratiba hizo zilivyo nyingi. Kwenye mashavu ya sato na ndugu zake huishi minyoo ya Cichlidogyrus, yenye urefu wa karibu milimita moja au pungufu, na kulabu za kushikia. Haihitaji konokono wala ndege. Yai huanguliwa majini, na kiluwiluwi kina saa chache tu za kumpata samaki kabla ya kufa. Aina nyingine za minyoo hiyo hukubali sato wa aina kadhaa, nyingine mmoja tu. Kambare naye ana minyoo yake. Chawa wa samaki, Argulus, hachagui sana: humng'ang'ania yeyote apitaye. Na Ligula huchagua kwa zamu: katika samaki anabagua, katika ndege karibu kila mla samaki anamfaa, kwani anachotafuta zaidi huko ni joto.

Uchaguzi huu unajibu nusu ya swali. Mnyoo ambaye kulabu zake zinalingana na shavu la samaki mmoja hawezi kuitwa mgeni aliyepotea, yuko kwake. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu chake cha wanyama akitetea kwamba manufaa ya dunia yanatokana na kuchanganyika kwa chenye kudhuru na chenye kufaa. Charles Darwin, mwaka 1860, alishindwa kuamini kwamba Mungu mwema alikusudia nyigu ambao watoto wao hula viwavi wakiwa hai. Hoja hizi mbili hazigongani kama zinavyodhaniwa. Kuwa na mahali si sawa na kuwa na huruma, na omena aliyekoseshwa uzao hafarijiki kwa ustadi wa tegu.

Nusu ya pili inahusu thamani ya mnyoo mwenyewe. Sato wa Nile aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na sangara karibu na wakati huohuo. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, akabaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli, Siaya. Samaki akiisha, mnyoo wake asiyekubali mwenyeji mwingine huisha pia, na hakuna mvuvi anayemlilia. Hata wanaowaokoa samaki hawamhesabu: kabla ya kuwahamishia kwenye bwawa jipya, wafugaji huwaogesha katika maji ya chumvi ili minyoo ya mashavu ianguke. Ni utunzaji mzuri. Ngege akinusurika hivyo, hunusurika peke yake.