Tiba ya Asiyejua





Imam Abu Daud amepokea kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini. Usiku akaota, ikamlazimu josho. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hana, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kuwa wao ndio waliomuua. Kwa nini hawakuuliza, ilhali tiba ya kutojua ni kuuliza?

Kisa hiki nimekisoma darasani na kukifanyia mtihani. Sikudhani kinanihusu.

Likizo ya mwaka jana, baada ya swala ya Alasiri msikitini kwetu Nakivale, kijana aliyemaliza kidato cha nne alinijia. "Kaka, nataka kuwa daktari. Nichukue masomo gani?"

Mimi ni mwanafunzi wa dini. Kemia niliiaga kidato cha nne na sikuisikitikia. Lakini kule kambini aliyefika chuo kikuu huhesabiwa anajua kila kitu, nami niliona haya kusema sijui. Nikamwambia: "Biolojia ndiyo msingi. Mengine chukua yaliyo mepesi, upate alama nyingi." Akachukua Biolojia, Kilimo na Jiografia.

Mwaka huu, akiwa muhula wa pili wa kidato cha tano, tulikwenda Mbarara kwa ndugu zetu wanaosomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Walimjibu kwa dakika mbili. Biolojia na Kemia ni ya lazima, na alama ya kila moja huzidishwa kwa 3: A ni 6, basi inahesabiwa 18. Somo la tatu, kwa kawaida Fizikia au Hisabati, huzidishwa kwa 2. Ndiyo maana watu huchukua PCB au BCM. Asiye na Kemia, hata akipata A tatu, udaktari haumo katika hesabu yake.

Kijana alinitazama, hakusema neno. Wallahi, afadhali angenitukana.

Ameamua kuanza kidato cha tano upya. Baba yake, mkulima wa mahindi na maharage, atatafuta ada ya mwaka mwingine kwa sababu ya neno langu.

Suratun-Nahl, aya ya 43, inatuamrisha tuwaulize wenye ujuzi. Tunapenda kuwasomea wadogo zetu, kumbe inatubana zaidi sisi tunaoulizwa. Wengine huwaambia vijana waswali istikhara tu. Waswali, ni sunna; lakini istikhara haimfundishi mtu masharti ya chuo.

Basi nina ombi. Likizo hii, wanaosomea udaktari, uuguzi na famasia waje Nakivale Ijumaa moja, wakae na vijana baada ya swala kabla hawajachagua masomo. Nauli nimeanza kuchangisha. Mimi nitakuwa mlangoni napanga viatu, na atakayeniuliza habari za Kemia nitamwonyesha mlipokaa.