Arudiye Asikokujua

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Septemba hadi wiki za mwanzo za Oktoba, vipepeo wa rangi ya machungwa hupita Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia wakielekea kusini-magharibi. Huonekana zaidi mvua inapokwisha, anga likatakata na upepo wa baridi ukavuma kutoka kaskazini. Huteremka kwenye maua ya kandokando ya mto Potomac na hata katika bustani za mjini, wakanyonya nekta, kisha wakapaa tena. Anayewatafuta hujifunza kuwatambua kwa namna wanavyoelea hewani, mabawa yameinuliwa mfano wa herufi V, na kutowachanganya na kipepeo mwingine anayefanana nao, ambaye bawa lake la nyuma limekatwa na mstari mweusi.

Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani amekutana na wa kwao. Hajakosea sana. Kipepeo mfalme, Danaus plexippus, ana ndugu yake Afrika Mashariki, Danaus chrysippus, mwenye rangi hiyohiyo na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Tofauti yao kubwa ni safari. Mdudu mwenye uzito wa nusu gramu hivi hutoka Washington akaruka kilomita zipatazo 3,000 hadi misitu ya milimani katikati mwa Meksiko, hasa jimbo la Michoacán, na huko hukaa miezi ya baridi pamoja na mamilioni ya wenzake, wameng'ang'ania matawi. Wenyeji waliwajua tangu zamani, na kuwasili kwao mwanzoni mwa Novemba kulihusishwa na kurudi kwa roho za marehemu. Wanasayansi walipafahamu mahali hapo mwaka 1975 tu, kupitia kwa Catalina Aguado na Ken Brugger, waliokuwa wakishirikiana na Fred Urquhart wa Toronto.

Hata hivyo, kipepeo anayepita Washington mwezi Septemba hajawahi kufika Meksiko. Waliotoka huko mwezi Machi walitaga mayai kusini mwa Marekani wakafa. Watoto wao na wajukuu wao waliishi wiki chache tu, kila kizazi kikisogea kaskazini kidogo. Anayeshika njia ya kusini ni kitukuu au kilembwe, naye huongozwa na jua pamoja na saa ya kimaumbile iliyomo katika vipapasio vyake. Hakuna mzee aliyemwonyesha njia. Je, yaweza kusemwa kwa haki kwamba anarudi?

Swali hili si la wadudu peke yao. Mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Maryland huulizwa na jamaa, kwa simu na kwa upendo, atarudi lini kwao, ilhali hajawahi kutoka huko. Akisitasita, husomewa methali: mwacha asili ni mtumwa. Hukumu hiyo inachukulia kwamba asili ni mahali, na kwamba mtu huliacha kwa miguu yake mwenyewe. Kwa vipepeo, asili imegawanywa katika vizazi. Wa kwanza aliondoka asirudi. Wa mwisho anarudi bila kuwahi kuondoka. Wa katikati hawakuondoka wala hawatafika. Akihukumiwa kila mmoja peke yake, hakuna atakayesalimika.

Patakuwa na wa kupinga: kipepeo hana hiari, na asiye na hiari hasifiwi kwa uaminifu. Pingamizi hilo ni la kweli, na uzito wake ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Alichorithi kipepeo mwilini, binadamu hana budi kukabidhiwa. Hakuna damu itakayomfundisha mtoto lugha isiyosemwa nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kumuuliza mtoto kwa nini harudi, inafaa kuwauliza wa katikati wamemwachia nini njiani.

Hata kipepeo hategemei dira ya mwilini pekee. Kiwavi wake hula mimea ya jamii moja tu, ile ya asklepiasi, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Dawa za kuulia magugu katika mashamba ya mahindi na soya zimeipunguza sana. Katika majira ya baridi ya 1996–97 vipepeo walifunika takriban hekta 18 za msitu wa Meksiko. Mwaka 2013–14 walifunika hekta 0.67. Pasipo mmea huo Maryland mwezi Julai, hakuna wa kuongozwa na jua mwezi Septemba.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kuwa ni onyo kwa mgeni asiyeaga. Lakini jembe pia humwingiza mgeni katika kundi la wanaolisha wengine. Wakazi wa Washington wanaopanda asklepiasi nyuma ya nyumba zao wanamlisha kiwavi ambaye hataiona Meksiko. Huenda mjukuu wake akaiona. Mama wa Silver Spring anayezungumza na mwanawe Kiswahili, na kujibiwa kwa Kiingereza, anafanya kazi ya namna hiyo, tena bila dhamana yoyote. Mtoto akienda Tanga au asiende, hilo ni lake kuamua. Lakini hawezi kuchagua wala kukataa kitu ambacho hakupewa.