Mama Aliyeachwa na Kazi ya Mikono Yake
Neno la kutafakari: Mwanzo 21:9–21



Katika msimu uliopita wa kuchuma kahawa, siku moja ya katikati ya juma, tulikuwa tukishuka kwa miguu katika vilima vya Tingi kwenda kumtazama mgonjwa. Tulipopita penye nyumba moja tulisikia kilio cha mtoto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba upande wa nje. Tukabisha hodi, asiitike mtu. Tukaifungua kamba ile, tukaingia, tukamkuta mtoto wa miaka 3 ameketi sakafuni. Dada yake wa miaka 7, ambaye saa ile ilimpasa kuwa shuleni, alikuwa amemshika mkono asiende motoni, maana makaa yalikuwa bado hai chini ya majivu.

Tukakaa nao hata jioni, mama yao aliporudi. Tangu alfajiri alikuwa akichuma kahawa katika shamba la mtu mwingine, kwa ujira wa debe. Sisi tukamkaripia. Tukamwambia maneno makali juu ya moto, na juu ya shule, na juu ya hatari ya mlango uliofungwa. Akayasikiliza yote akiwa amesimama, mtoto mgongoni, kisha akatujibu kwa upole: “Baba Mchungaji, nikikaa nao, watakula nini? Nikienda, nani atawatazama?” Hatukuwa na jibu. Tukaaga, tukaenda zetu, na njiani dhamiri ikatushtaki.

Maana mama yule si mgeni kwetu. Mumewe alipomwacha, alianza kupika pombe ya kuuza, nasi pamoja na wazee tulimzuia asije mezani pa Bwana. Akatubu, akaiacha kazi ile, tukampokea tena kwa furaha. Lakini hatukumwuliza hata mmoja wetu ataishi kwa kazi gani. Pombe hupikwa nyumbani, watoto wakiwa mbele ya macho ya mama yao. Tulimtoa katika kazi mbaya iliyokuwa karibu na watoto, tukamwacha atafute peke yake kazi njema iliyo mbali nao. Hatusemi kwamba pombe ni njema. Tumeziona nyumba nyingi zilizobomolewa nayo. Twasema kwamba kazi yetu sisi tuliifanya nusu.

Basi usiku ule tukafungua habari za Hajiri, nazo twapenda kuwafunulia katika mambo matatu.

1. Mkate na kiriba cha maji

Mnaijua habari yenyewe. Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akamtwika Hajiri begani, akampa na mtoto, akamwacha aende. Ibrahimu alikuwa mtu mwenye kondoo na ng'ombe, na fedha, na watumishi wengi. Maandiko hayafichi kwamba jambo hili lilimhuzunisha sana kwa ajili ya mwanawe, wala hayafichi kwamba Mungu alimwahidi kumfanya kijana yule kuwa taifa. Hata hivyo yale maji yalikwisha njiani. Ahadi ya Mungu ilikuwa kubwa, lakini kiriba alichokipima baba kilikuwa kidogo.

Enyi akina baba, neno hili latuhusu. Wako wanaume wa vijiji vyetu waliokwenda Songea, na wengine kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, na wengine katika uvuvi wa ziwani, wakawaacha wake zao na watoto na gunia moja la mahindi. Gunia lile ndilo kiriba. Likiisha, baba husema, “Niliwaachia chakula.” Je, mtoto hula mara moja tu?

Hatuandiki ili kuwafundisha watu kuachana. Ndoa ni agizo la Mungu, na kila penye nafasi ya kupatana yatupasa kuwasaidia wapatane. Lakini hata mume na mke wakitengana, mwanamume haachi kuwa baba. Sheria ya nchi yasema vivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamwagiza baba awape watoto wake makao, mavazi, chakula na elimu kadiri ya uwezo wake, wakiwa kwake au wakiwa kwa mtu mwingine. Sheria iyo hiyo yaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mamaye, isipokuwa mahakama ione sababu ya kuamua vingine. Maana yake ni kwamba kumwacha mtoto kwa mama si kumwondolea baba mzigo wake. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, nayo hufika Tingi kabla mtumaji hajairudisha simu yake mfukoni. Umbali haufai tena kuwa udhuru.

Dokta Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, alitaja habari za baba afuaye nepi za mtoto wake. Watu humcheka na kumwona si mwanamume, lakini Luther alifundisha ya kuwa Mungu na malaika zake hufurahi, kwa sababu mtu yule aifanya kazi ile kwa imani. Ikiwa nepi ni kazi ya baba mbele za Mungu, je, si zaidi sana unga na daftari?

2. Mtoto chini ya kijiti

Maji yalipokwisha, Hajiri alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda akaketi mbali, asipende kumwona akifa, akapaza sauti yake akalia. Mtu apitaye njiani angeweza kusema, “Tazama mama mkatili, amemtupa mwanawe.” Wala asingejua habari za kiriba.

Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi pale mlangoni. Na kwenye visima na magulio husemwa maneno kama hayo: huyu hajui kulea, huyu hutembea mno, ndiyo sababu mumewe alimwacha. Ndugu, mmejifunza Katekisimo tangu utoto wenu, nanyi mwaijua amri ya nane, kwamba jirani tusimvunjie jina lake bali tumsemee mema. Kabla hujasema juu ya mama aliyeuacha mtoto peke yake, uliza kwanza ni nani aliyemwacha yeye peke yake.

Tufikiri na kazi zenyewe. Kahawa huchumwa tangu asubuhi hata jua likiinama, na mchumaji hulipwa kwa debe. Mwenye mtoto mgongoni huchuma kidogo, naye hupata kidogo. Huko pwani ya ziwa wanawake huanika usipa, nao hawana budi kuwalinda juani na kuwageuza kabla mvua haijawashika. Palizi ni kwa msimu tu. Wengine hualikwa mjini kuwa watumishi wa nyumbani, na huko hulea watoto wa wengine, hali wa kwao wamebaki kwa bibi aliyekwisha kuzeeka. Kila mlango ulio wazi wadai jambo moja, kwamba mtoto aachwe.

Kwa hiyo, mama akija kwetu kuomba shauri la kazi, tusimwulize tu, “Italipa kiasi gani?” Tumwulize pia, “Saa zile mtoto atakuwa wapi, na kwa nani?” Tena, “Ujira utafika lini?” maana njaa ya mtoto haingoji malipo ya mwisho wa msimu. Tena, “Yule mkubwa ataweza kwenda shule?” Shule za serikali za msingi hazitozi ada, lakini mtoto wa kike aliyefanywa yaya wa mdogo wake hainufaiki na neema hiyo. Kazi imfaayo mama aliye peke yake ni ile iwezayo kuyajibu maswali haya, hata ikiwa ujira wake ni mdogo kuliko wa nyingine.

3. Kisima kilikuwa karibu

Sasa tazameni tendo la Mungu. Hajiri ndiye aliyelia kwa sauti, lakini Maandiko yasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana pale alipokuwa. Ndiyo maana ya jina lake Ishmaeli: Mungu husikia. Kisha Mungu akamfumbua macho mama yake, akaona kisima. Hatusomi kwamba Mungu alikichimba saa ile. Kilichokosekana ni macho ya kukiona. Naye Hajiri alikwenda mwenyewe, akakijaza kiriba kwa mikono yake, akamnywesha mwanawe.

Tukajiuliza, je, katika usharika wetu kisima ki wapi? Tukawaita wanawake wa usharika, tukawaeleza jambo letu pamoja na kosa letu. Mama mmoja mzee akasema, “Mchungaji, nyumba ya Mungu hukaa tupu siku 6 katika juma.” Akasema kweli. Wakakubaliana zamu: katika miezi ya kahawa, wanawake wawili watu wazima huwapokea watoto wadogo kanisani tangu asubuhi, na kila mama huleta kikombe cha unga wa uji. Wadhamini wa ubatizo wakakumbushwa kwamba mbele ya kisima cha ubatizo waliahidi kumsaidia mtoto, wala ahadi ile haikuwa ya siku moja. Wenye mashamba ya kahawa walio Wakristo wakaombwa kuwapimia mapema wanawake wenye watoto, na kuwalipa siku ile ile.

Yule mama sasa huchuma kahawa siku 3 katika juma. Siku nyingine hukaanga maandazi alfajiri, akayauza karibu na shule wakati binti yake aendapo darasani. Hatupendi kuipamba habari hii. Baba wa watoto hajatuma kitu hata leo, na shauri lake limepelekwa kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Zamu ya kanisani ilikatika mara mbili, wazee walipougua. Wako na walionung'unika, wakisema kanisa limekuwa jiko. Twawajibu hivi: Bwana wetu aliwakaribisha watoto, na waliotaka kuwazuia ndio aliowakemea.

Basi tunayo maneno ya mwisho.

Kwenu wazee wa usharika: mkimzuia mtu mezani pa Bwana kwa sababu ya kazi yake, kutaneni siku ile ile kumtafutia kazi nyingine. Msiwafunge midomo wanaotaka kueleza shida zao za nyumbani. Shauri la ndoa likiwa zito, wasaidieni kufika kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Nao wanaotaka kuanzisha kituo cha kulelea watoto mchana wasifanye bila kuandikishwa, ili watoto wawe salama. Serikali nayo, mwezi Desemba 2021, ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto tangu kuzaliwa hata miaka 8. Jambo hili si la kanisa peke yake.

Kwenu mlioajiri wanawake dukani au ofisini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama anyonyeshaye nafasi ya kumnyonyesha mtoto wake saa za kazi, hata kufikia saa 2 kwa siku. Mkristo asingoje kushtakiwa ndipo aitimize.

Kwenu akina mama mlioachwa: msione haya kuomba msaada. Ungeni vikundi na wenzenu. Halmashauri zimeagizwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Kopeni kwa kazi mliyokwisha kuijaribu, wala si kwa kazi ya kusikia tu. Hajiri hakuambiwa aketi akilia. Aliambiwa ainuke, amwinue kijana na kumshika mkono. Kisha akaona kisima.

Na kwetu sote: msimu wa kahawa utarudi. Tukipita penye mlango uliofungwa kwa kamba, na mtoto analia ndani, tusipite upande wa pili wa njia kama yule kuhani na yule Mlawi.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyeisikia sauti ya kijana jangwani, utusamehe sisi tuliokuwa wepesi wa kukaripia na wazito wa kusaidia. Warudishe akina baba katika wajibu wao. Wape akina mama kazi njema, na watoto ulinzi. Utufumbue macho tukione kisima ulichokiweka karibu nasi, na utupe mikono ya kuteka maji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.